Kamera za Sinema kwa Viwango vya Maringo

Zote hutumia filamu, si kadi ya kumbukumbu, na kila moja ina masharti yake. Tunaanza na mnyenyekevu, tunapanda.

5. Eyemo (1925)
Betri ya nini? Unazungusha ufunguo, springi inakaza, unakimbia nayo. Wapigapicha wa habari walienda nayo Vita Kuu ya Pili. Rola yake ya kawaida ni futi 100, yaani dakika moja na ushei. Mheshimiwa anayetumia muda huo kutambua uwepo wa wageni, pole yake.

4. Arriflex 35 (1937)
Wajerumani waliipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig ikiwa na kioo kilichopachikwa kwenye shata inayozunguka. Shata ikiziba filamu, kioo kinarusha mwanga kwenye jicho la mpigapicha, naye anaona kupitia lenzi ileile. Ndiyo, umeelewa vizuri: anachokiona ndicho ambacho filamu haikukipata. Wamepeana zamu, na hakuna aliyelalamika. Kwangu mimi ndiyo akili kubwa kuliko zote humu, lakini leo tunapima maringo.

3. Bell & Howell 2709
Chuma mwili mzima, kutoka Chicago, miaka ya mwanzo ya 1910. Vijipini visivyosogea hushika matundu ya filamu, kila fremu ikae palepale, picha isitetemeke. Wanasimulia kwamba kamera ya mbao ya Martin na Osa Johnson ililiwa na mchwa Afrika, ndipo kiwanda kikakimbilia chuma. Hadithi tamu! Ila akina Johnson walikanyaga Kenya 1921, chuma hicho kikiwa kazini miaka mingi. Mchwa wetu wana makosa mengi, hili si lao.

2. Panaflex
Haiuzwi. Uwe na mamilioni, uwe na shamba, Panavision itakukodisha tu. Lakini ni kimya: Spielberg aliingia nayo ndani ya gari kwenye The Sugarland Express (1974), waigizaji wakazungumza bila mngurumo.

1. IMAX
Filamu ya milimita 65, inapita kwa ubavu, matundu 15 kwa kila fremu. Futi 1,000 zinaisha kwa dakika tatu hivi, na kelele yake inashindana na waigizaji. Oppenheimer (2023) ilipotaka sehemu za nyeusi na nyeupe, filamu ya aina hiyo haikuwepo kwa ukubwa huo. Kodak ikabidi iitengeneze. Bibi harusi kachagua rangi, kitambaa kikafumwe.