Sifa za Mheshimiwa wa Lambo

Kila mwenye cheo ana chawa wake. Leo nami naomba niwe chawa wa yuglena, kiumbe wa seli moja anayestawi kwenye maji yaliyotuama, hasa lile lambo ambalo ng'ombe hunywa na papo hapo hujisaidia. Sisi tunaziba pua, yeye ananawiri.

Wengi hawajamwona, na kosa si lake: yule anayefugwa sana maabara ana urefu wa kama sehemu ya ishirini ya milimita. Mtazame kwa hadubini uone maringo. Mbele ana kijiuzi anachokipigapiga ili asonge, mwili ukizunguka. Karibu na mzizi wake pana doa jekundu linalomsaidia kujua mwanga unatoka wapi. Akibanwa na takataka, anavimbisha kiuno, anajikunyata, anajinyoosha, kapita. Mfupa hana, ubongo hana. Nawajua wenye vyote viwili wanaokwama mlangoni mwa daladala.

Lakini fahari yake kubwa ni uraia. Mwanga ukiwepo, hujitengenezea chakula kwa usanisinuru kama mchicha. Giza likiingia, hufyonza virutubisho vilivyoyeyuka majini, kwa hisani ya ng'ombe. Wataalamu wa mimea wakamwandikisha kwao, wa wanyama nao kwao. Mwaka 1866 Ernst Haeckel akapendekeza himaya ya tatu, Protista, kwa viumbe wasiokaa vizuri kwenye hizo mbili. Mtanzania mtu mzima akitaka uraia pacha, sheria inamkatalia. Yuglena wa lambo la Dodoma anao, wala hajapiga picha ya pasipoti.

Wenye wivu husema ukijani si wake. Ni kweli: zamani za kale ukoo wake ulimeza mwani wa kijani, na badala ya kuumeng'enya wote ukauweka kazini. Ushahidi haujafutika, kwani kloroplasti zake zina tando tatu, za mchicha mbili. Wao wanauita wizi, mimi nauita uwekezaji. Tena si mtumwa wa mali hiyo: watafiti waliwahi kumnyang'anya kloroplasti kwa dawa ya streptomaisini, vizazi vyake vikabaki bila rangi, navyo vikaendelea kula na kuzaana.

Najua mtamtajia ndugu zake. Vimelea vya malale, vinavyosambazwa na mbung'o, ni vya ukoo wake mpana. Na *Euglena sanguinea* hugeuza bwawa kuwa jekundu na kutoa sumu iliyowahi kuua samaki wa kufugwa Marekani. Haya, nani hana ndugu wa kumficha wageni wakija?

Mwalimu wa baiolojia, kabla hujamchora tena ubaoni, chota maji ya kijani ya lambo kwenye chupa, uifunike upande mmoja kwa karatasi nyeusi na kuiweka dirishani. Akiwemo, wanafunzi wataona ukijani ukihamia penye mwanga. Kisha nendeni mkanawe kwa sabuni.