Kata Kushoto Penye Mwembe

Watu wamesifu kahawa, wamesifu mnazi, wamesifu hata punda. Sijamwona bado aliyeshika kalamu kuisifu karatasi ya maelekezo kwa washiriki wa kongamano. Nasema ile karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, ilalayo chini kabisa ya mkoba unaopewa mezani pa usajili: chini ya ratiba, chini ya daftari, chini ya kalamu isiyoandika. Wenye haraka huitupa. Wenye joto hujipepea nayo feni za ukumbini zikigoma. Nimewahi kuiona imefungiwa karanga. Leo naomba niisimamie, kwa kuwa ni yatima: ikitoka vizuri ina wazazi wanane, wajumbe wote wa kamati, ikikosea haina hata mjomba.

Sifa yake ya kwanza ni kushusha vyeo. Mtazame profesa aliyefika kongamanoni na mada ya kurasa thelathini, amesimama kwenye jua la saa saba, anaigeuza ramani juu chini na chini juu. Ramani hiyo imetolewa nakala ya nakala ya nakala, mpaka maktaba, zahanati na kantini vimekuwa doa moja jeusi. Anaangalia huku, anaangalia kule, kisha anamsogelea kijana wa bodaboda aliyejilaza juu ya pikipiki yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Eti mwanangu, Ukumbi B uko wapi?”

“B ipi, mzee? Maana ziko mbili.”

Katika maisha yake yote ya usomi, tangu atetee tasnifu, hajaulizwa swali zuri kama hilo. Methali ya kuuliza si ujinga ameifundisha miaka ishirini. Karatasi imemfanyia mazoezi ya vitendo kwa dakika mbili, bila ada.

Sifa ya pili ni adabu. Karatasi itakwambia kwamba kutoka hosteli hadi ukumbini ni “dakika tano kwa miguu”. Mlima haitautaja. Na milima ipo, maana wakubwa waliopanga vyuo vyetu walipenda kukaa juu. Makerere, iliyoanza mwaka 1922, iko kilimani. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mahali pa tambarare penye maduka; kufika 1964 kilikuwa kimehamishiwa kilimani, ndiyo maana mpaka leo mtu haagi kwamba anakwenda chuo kikuu, anasema anakwenda Mlimani. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kimetandazwa kwenye eneo la takriban hekta 6,000, na kwa ukubwa huo neno “jirani” si kipimo tena, ni ushairi. Sasa mwenyeji mwenye malezi atamwambiaje mgeni, siku ya kwanza, na viatu vyake vipya, kwamba atapanda? Mgeni hatishwi. Isitoshe, zile dakika tano si uongo. Zilipimwa. Aliyezipima alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na alikuwa anateremka.

Sifa ya tatu ni saa, na hapa karatasi imewaokoa watu wengi kuliko inavyoshukuriwa. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likishachomoza na kukaa kidogo, ni saa moja. Karatasi yetu ina pande mbili, Kiswahili mbele na Kiingereza nyuma. Mbele iliandikwa: “Ufunguzi, saa 3:00.” Mfasiri alikuwa mtu mwaminifu, akafasiri kila neno na tarakimu akaziacha kama alivyozikuta, kwa hoja kwamba tarakimu hazina lugha. Mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyesoma upande wa nyuma, akafika saa tisa alasiri, suti imenyooka, akawakuta wafagizi. Wenyeji tulimwomba radhi sana. Lakini tuhesabu alichokosa. Alikosa kumsubiri mgeni rasmi, aliyefika saa tano. Alikosa risala, alikosa salamu za wadhamini, alikosa wasemaji sita waliotangulia kusema “itifaki imezingatiwa” na baada ya hapo wakaizingatia upya, cheo kwa cheo. Chakula alibakiziwa. Washiriki waliokuwapo tangu asubuhi walimtazama kwa macho ambayo mimi nayajua: ni wivu.

Sifa ya nne ni ukimya wake. Karatasi haisemi kwamba soketi zetu ni za tundu tatu za mstatili, urithi wa Mwingereza, volti 230. Mgeni wa kutoka Ujerumani au Ufaransa huja na plagi ya pini mbili za mviringo, anaizungusha kama mtu anayejaribu funguo za nyumba si yake. Hapo jirani yake, mwalimu wa sekondari wa kutoka wilayani, huchomoa kalamu mfukoni, huchomeka kifuniko chake kwenye tundu la juu, na plagi ya mgeni huingia bila kelele. (Mafundi umeme na wajukuu wangu wasiisome aya hii.) Ndiyo ile kalamu isiyoandika, imepata kazi hatimaye. Tangu hapo hao wawili hawaachani. Jioni utawakuta kwenye kimbweta kimoja wanagawana chapati na kubishana kuhusu ngeli.

Nenosiri la mtandao nalo karatasi hulitoa, ila huwezi kujua ile ni herufi O au ni sifuri. Kwa hiyo watu hutanga na simu zao hewani kama wanaotafuta mwezi wa Ramadhani, mpaka wote huishia chini ya ngazi moja, mahali ambapo mtandao hushika kwa sababu azijuazo Mola. Chini ya ngazi hiyo nimemwona mtu wa Bujumbura akikutana na mtu wa Lamu. Walianza kwa kulaani bando zilizokwisha, wakamaliza kwa kulinganisha majina ya samaki. Ukumbini, wakati huohuo, kikao cha kufahamiana kilikuwa kinaendelea na viti vitupu.

Sifa ya tano ndiyo kubwa: karatasi hii ni waraka wa taifa. Haiandikwi, hurithiwa. Kila mwaka hubadilishwa tarehe tu, mengine hubaki kama yalivyoachwa na wazee. Juzi nilishika moja ya jijini Dar es Salaam. Ilimwelekeza msafiri wa mikoani ashukie stendi ya Ubungo, wakati mabasi yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Ilimpa habari njema kwamba mabasi yaendayo haraka “yataanza karibuni”, ilhali yalianza 2016. Ilimshauri msimu wa mvua afunike vitabu vyake kwa mfuko wa plastiki, mzigo ambao tangu Juni 1, 2019 ni kosa la kisheria. Na kwa ajili ya nauli ilimtaka awe na noti za 500. Noti hizo zilianza kupisha sarafu mwaka 2014, nami nazililia, kwa kuwa mgongoni zilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani: kwa shilingi mia tano ulikuwa na nauli na ramani kwa pamoja.

Wenye hasira watasema hayo ni makosa. Mimi nasema karatasi inaongea kama mji unavyoongea. Panda daladala umsikilize konda. Atakushusha Ubungo Mataa, pale ambapo leo barabara zimepandiana ghorofa. Atakushusha Tabata Dampo, ingawa taka zilikwisha kuhamishwa tangu miaka ya tisini. Sinza atapaza sauti “Kwa Remmy!” na watu watashuka, na hakuna atakayemkumbusha kwamba mwanamuziki Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akawa wetu, alifariki mwaka 2010. Hatuelekezani kwa kilichopo. Tunaelekezana kwa tunachokumbuka. Mgeni anayetaka kufika lazima kwanza aingizwe kwenye kumbukumbu, na huko haingii peke yake, huingizwa na mtu.

Najua upinzani uliopo. Vijana kwenye kamati wanataka karatasi izikwe na mahali pake iwekwe programu ya simu, yenye nukta ya buluu inayotembea nawe. Kongamano la namna hiyo nimelihudhuria. Kila mtu alifika kwa wakati, shingo imeinama, kama waumini wa dini mpya. Hakuna aliyepotea, kwa hiyo hakuna aliyetafutwa. Niliporudi nyumbani mama watoto akaniuliza nimekutana na nani. Nikafikiri sana. Nikamwambia nilikutana na mlango, na ulikuwa mlango sahihi.

Hapa sina budi kutoa siri, maana wakili anayeficha udugu wake na mshitakiwa si wakili. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya mapokezi katika chuo ambacho sitakitaja, na kwa miaka sita karatasi ya maelekezo imetoka mikononi mwangu. Yote niliyoyasifu nimeyatenda, au nimeyaona yakitendeka nikanyamaza. Ila kuna kosa moja ambalo ni langu kwa makusudi. Ni kipengele cha saba: “Ukitoka geti kuu, fuata barabara, kata kushoto penye mwembe.”

Mwembe haupo. Ulikatwa barabara ilipopanuliwa, hata kisiki kiling'olewa. Kila mwaka kijana mmoja wa kamati huuzungushia duara jekundu, na kila mwaka mimi huurudisha usiku wa kuamkia siku ya kuchapa.

Naurudisha kwa sababu ya mama wa chai. Alikuwa akiuza chini ya kivuli chake. Ulipokatwa hakuhama, alinunua mwavuli. Mgeni hufika pale, karatasi mkononi, husimama, hutafuta mti mkubwa, haoni mti wowote. Mwishowe husogea.

“Shikamoo mama. Eti mwembe uko wapi?”

Mama hucheka kwanza. Kisha humvutia kigoda, humsimulia mwembe ulivyokuwa: embe zake zilivyokuwa na nyuzi lakini tamu, jinsi wanafunzi walivyokuwa wakijisomea chini yake mpaka giza, siku ile katapila lilipokuja na watu wakasimama kutazama kama mazikoni. Humimina chai ya tangawizi. Hujua mgeni ametoka wapi, ana watoto wangapi, na mada yake inahusu nini, jambo ambalo mwenyekiti wa kikao huwa halijui. Mwisho humwambia: “Ukumbi ndiyo huo, mwanangu. Geuka.” Na kweli uko nyuma yake, umbali wa kurusha jiwe. Chai hulipiwa.

Wiki iliyopita nilimpelekea nakala ya mwaka huu, kama ada. Akaniita nyuma ya mwavuli, akanionyesha ndoo iliyotoboka kitako, imejaa udongo. Ndani yake kuna mche, majani manne, mekundu bado. Alisema wageni wanaoulizia mwembe wamekuwa wengi mno, anaona aibu kuwajibu haupo.

Kwa hiyo wanaoisema karatasi yangu naomba wafute kauli. Haijachelewa. Imewahi.