Ushauri kwa Waliozitia Giza Taa za Nyuma

Barua tatu zilizoifikia safu hii zinahusu desturi moja, nayo ni ya kuzitia weusi taa za nyuma za gari nyumbani, kwa rangi ya kopo au kwa utando wa plastiki unaobandikwa, ili gari lionekane limefukizwa moshi na mwenye gari aonekane mtu wa kuogopwa kidogo. Waandishi wote watatu wameomba wasitambulike, ombi ambalo linaendana na hali ya taa zao.

Barua ya kwanza inatoka kwa kijana wa Tabata, Dar es Salaam, ambaye alizipulizia rangi taa za Toyota IST yake barazani jua likiwa la utosi, baada ya kuzifuta kwa petroli ili zitakate, na sasa anauliza kwa nini rangi imechuruzika na lenzi zimeota nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Lenzi, yaani kava jekundu linalofunika balbu, kwa kawaida hutengenezwa kwa akriliki, plastiki angavu inayostahimili jua la miaka mingi lakini isiyopatana na petroli wala thina, kwa kuwa vimiminika hivyo hupenya pale ambapo plastiki ilibaki na mkazo tangu kiwandani na kuipasua polepole. Nyufa hizo hazizibiki. Michirizi ni kosa la pupa: mwenye kutaka kazi safi huiosha lenzi kwa sabuni, huikwaruza kwa msasa wa maji wa namba 800 hivi (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), huifunika bodi kwa magazeti, kisha hupuliza kivulini mikono myembamba, mkono ukiwa ndilo jina ambalo mafundi rangi huupa mpako mmoja, na husubiri kila mmoja ukauke kabla ya kumalizia kwa vanishi angavu.

Ufundi huo, hata hivyo, hauifuti hesabu. Tuseme kila mkono unapitisha asilimia 70 ya mwanga. Mkono wa pili hukata sehemu ya kilichosazwa na wa kwanza, na wa tatu vivyo hivyo, hata mikono mitatu ikabakiza asilimia 34, na anayeongeza wa nne “ili ikolee” akabaki na asilimia 24. Kijana anashauriwa kuzihesabu nyufa zake kuwa bahati, kwa sababu zitamlazimu kununua taa nyingine kabla hajafika mkono wa nne.

Barua ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inamhusu mkwe. Bwana harusi mmoja wa Morogoro alikuwa katika msafara wa harusi yake, saa tisa alasiri, gari lake lenye taa nyeusi lilipofunga breki ghafla mbele ya tuta, na gari la baba mkwe lililolifuata likaligonga na kuvunjika bampa. Mzee anasema hakuona taa yoyote ya breki, ilhali bwana harusi anashikilia kwamba alizijaribu taa hizo usiku uani kwake, zikawaka vizuri, na shemeji yake ni shahidi; anauliza nani alipe, na kama balbu kali zaidi zingemwokoa.

Shahidi huyo ni mkweli, ila alishuhudia jambo lisilohusika. Uani usiku jicho limekwisha kuzoea giza na hata mwanga hafifu huonekana mkali, hali mtihani halisi wa taa ya breki hufanyika mchana, inapolazimika kushindana na jua linaloipiga lenzi yenyewe. Ndiyo maana Kanuni Na. 7 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari hutaka taa ya breki itoe angalau kandela 60 kuelekea nyuma, wakati taa ya kawaida ya usiku huruhusiwa kuanzia kandela 4, kandela ikiwa kipimo cha ukali wa mwanga unaoelekea upande fulani. Katika magari mengi balbu moja hubeba nyaya mbili, wa wati 5 kwa ajili ya usiku na wa wati 21 kwa ajili ya breki, na dereva wa nyuma huitambua breki kwa mruko baina ya mianga hiyo miwili. Utando unaopitisha asilimia 20 huigeuza taa ya kandela 80 kuwa ya 16, na hapo mwenye kuifuata huiona taa iliyo karibu na ya usiku kuliko ya breki, tena, katika msafara ambao kila gari limewasha hazadi, huenda asiione kabisa. Na kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kila sekunde ya kushangaa humsogeza mita 11.

Balbu kali zaidi si dawa, kwani joto lake huyeyusha soketi na kupinda kava. Taa ya tatu ya breki, ile iliyolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia modeli ya 1986, ingeweza kusaidia, lakini barua yenyewe inakiri kwamba kioo cha nyuma nacho kimetiwa tinti. Ni kweli kwamba anayefuata hupaswa kuacha nafasi, na mzee alikuwa karibu mno. Bwana harusi anashauriwa asilitamke hilo mbele ya ukoo wowote, alipe bampa, na aende mwenyewe kuipeleka.

Mama wa Mafinga, aliyenunua gari likiwa tayari limebandikwa utando, anauliza namna ya kuuondoa. Haraka yake ina msingi, kwa sababu utando umefunika pia viakisi, vipande vyekundu visivyo na umeme ambavyo huurudisha mwanga kwa gari linalokuja, na mwanga huo huupita utando mara mbili, ukienda na ukirudi, hivyo utando unaopitisha nusu hubakiza robo. Gari likizimika kwenye ukungu wa Mufindi, yeye atategemea matawi ya miti barabarani kama lori bovu. Aupashe utando moto kwa drayeri ya nywele, auvute taratibu kuanzia pembeni, na gundi aisugue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Lenzi ikimvunjikia, maduka ya vipuri vilivyotumika huuza taa nzima. Ya kulia haiingii kushoto, hata muuzaji akiapa.