Namna ya Kwenda Kujitolea Hospitali ya Lualaba na Kurudi na Cheti

Usiende kwa ndege. Wenye uchungu na binadamu hupita barabarani: Tunduma, Zambia kwa urefu wake, hadi Kasumbalesa, mkipishana na malori ya shaba yanayoteremka Dar es Salaam. Mpakani toa kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla hujaulizwa, na dola zako ziwe mpya. Dola iliyochanika pembeni kidogo tu hakuna atakayeipokea. Faranga iliyochakaa hadi haisomeki, hiyo haina neno.

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, Kongo, tangu 2015, itakuvunja moyo: lami, hoteli, misururu ya magari ya migodi. Wewe ulitaka kijiji. Basi shika njia ya Sandoa au Kapanga, ambako masika safari huhesabiwa kwa siku. (Kama huna siku hizo, baki Kolwezi na uandike kwamba uko kijijini. Picha hazitakusuta.)

Ukifika hospitali, muuguzi mwanamke mwite Mama hata kama mmelingana umri, mwanamume mwite Papa, na usimfundishe yeyote kati yao malaria. Wao huitilia shaka mtoto angali mgongoni.

Kisha toka uani. Wale kina mama wanaosonga bukari na kuchemsha sombe juu ya makaa hawajavamia. Ndio jiko la hospitali. Ndio wanaomwogesha mgonjwa, wanaochota maji, wanaotumwa na karatasi ya daktari hadi duka la dawa ng'ambo ya barabara kununua glavu, sindano na dripu kabla upasuaji haujaanza. Ukiwafukuza kwa ajili ya usafi, wodi itasimama kabla ya saa sita mchana.

Wodini utamkuta mgonjwa aliyepona. Amevaa, amefunga mzigo, ameketi kitandani wiki ya pili. Mwandikie ruhusa ya kutoka, kwa mwandiko wa madaha. Atakushukuru sana na kubaki palepale, maana mlangoni hawasomi faili, wanasoma risiti. Ukiwa na huruma ya kweli nenda kwa mhasibu ukamlipie. Kesho yake utashangaa jinsi waliopona walivyo wengi, na wote watataka wewe ndiwe uwapitie.

Inakupasa pia kugundua jambo, la sivyo nyumbani watauliza ulikwenda kufanya nini. Kobalti iache, umechelewa. Mtaa wa Kasulo, hapo Kolwezi, walianza kuichimba chini ya nyumba zao 2014, na 2018 watafiti, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakachapisha kwamba damu na mkojo wa wakazi wa hapo, watoto hasa, una kobalti nyingi kuliko wa watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Ukimpiga picha mtoto wa Kasulo, omba ruhusa: Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwa hiyo huenda baba yake ndiye aliyechimba betri ya simu yako.

Usitangaze kwamba hulipwi. Muuguzi wa zamu ya usiku huenda naye hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kama wenzake wengi nchini. Hula kutokana na mgawo wa ada za wagonjwa, mwezi ukiwa mzuri. Mwezi ukiwa mbaya hula anachopikiwa na mke wake aliyelima. Yeye hana tiketi ya kurudi, wala hajawahi kuagwa kwa harambee.

Siku ya mwisho mwombe daktari mkuu cheti cha kujitolea. Dai mihuri miwili. Hawana uchoyo wa muhuri. Yule muuguzi akiuliza kama naye, baada ya miaka yote hii, anaweza kupata kimoja, mwambie aandike barua ya maombi na kuambatanisha picha mbili za pasipoti.