Jasho la Jeddah au la Kidonge?

Daktari wangu wa Riyadh kanipangia nibadilishe dawa ya sonona taratibu. Paroksetini inashuka kidogokidogo, sertralini inaingia kwa dozi ndogo. Mudiri wangu kazini naye akaona huo ndio wakati mwafaka wa kunihamishia Jeddah, kilomita 900 na ushei.

Kabla sijaondoka, daktari akanionya: dawa hizi mbili zikikutana, kemikali ya serotonini ikazidi mwilini, utaona jasho jingi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, tumbo kuhara. Sasa Jeddah mwezi wa saba, nani hatoki jasho? Joto la Riyadh ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Huku Bahari ya Shamu inakuvisha shati bichi tangu alfajiri. Moyo kwenda mbio? Vuka Barabara ya Madina kwa miguu. Kutetemeka? Ngoja mudiri aite jina lako.

Chumbani tunamolala nako kila kitanda kina tabibu. Mpemba ananipa habasoda na asali. Yule wa Kampala anasema niache vyote nisali. Sala nasali, kidonge nameza, sijaona vikigombana. Wa tatu ana fluoksetini zilizobaki, nazo za sonona, eti nimalizie zisiharibike! Dawa hiyo ukishaiacha hukaa mwilini wiki nyingi. Anayetoka kwayo kuhamia dawa za sonona za kundi la kale, MAOI, husubiri wiki 5 zisikutane. Yeye anagawa kama karanga.

Ila kiboko yao ni ami yangu wa Mombasa. Nilipomwambia nikipunguza dawa napata kizunguzungu na umeme unapita kichwani, akaguna: "Basi ushakuwa teja." Teja wa nini, ami? Sina hamu nayo hata chembe! Paroksetini hutoka mwilini haraka, ubongo uliokwishaizoea unalalamika, ndiyo maana inapunguzwa polepole. Ami hakusikia, alishahamia habari ya paa la nyumba na pesa za mabati.

Basi dozi anapanga daktari, si chumba kizima. Nikiwa na swali, napiga 937, simu ya Wizara ya Afya. Homa kali, misuli kukakamaa au akili kuvurugika, hiyo ni 997, gari la Hilali Nyekundu, papo hapo. Na wewe ami, ukipiga tena niulize mabati. Kidonge kina mwenyewe.