Namna ya Kuwa Bingwa wa Sheria za Eastlands Bila Kushuka Matatu

Hongera, wakili msomi. Umemaliza shahada yako Parklands, ukavumilia Shule ya Sheria kule Karen, ukaapishwa ukiwa umevaa joho la kuazima, na sasa umegundua kwamba wateja wanaolipa wameshachukuliwa na waliokutangulia. Usife moyo. Kuna uwanja ambao bado una nafasi: sera za umma na haki za maskini wa mjini. Una makongamano yenye chakula cha mchana, una wafadhili, na una baraka moja ambayo matawi mengine ya sheria hayajajaliwa: wanaoandikwa hawasomi majarida.

Mwongozo huu utakutoa kwenye ujinga hadi kwenye uprofesa. Vifaa unavyohitaji ni vichache: nakala ya Katiba ya 2010 iliyokunjwa pembe pale penye Kifungu cha 43, picha moja ya mabati yenye kutu iliyopigwa na mtu mwingine, na simu ya kukuonyesha Jogoo Road iko upande gani wa mji.

Hatua ya kwanza: Chagua mtaa, usijisumbue kujua ni upi

Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, ni neno linalokutosha. Ukianza kuuliza maswali utajitia taabuni. Utaambiwa kwamba mpangaji wa Jericho au Maringo anakaa nyumba ya kaunti, kwa hiyo mwenye nyumba wake ni serikali. Kwamba Makongeni na Muthurwa zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwamba Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 ili watu wenye mishahara wanunue kwa mkopo, ndiyo maana ugomvi wa huko ni wa hati, ukuta na nani aliyejenga vyumba vya kupangisha uani. Kwamba Umoja na Pipeline ni ghorofa za watu binafsi ambazo mpangaji huingia kwa deposti na neno la mdomo. Na kwamba Mathare mtu anaweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake.

Hizo ni sheria tano tofauti, na makala yako ina nafasi ya moja. Ziite zote "makazi yasiyo rasmi" uendelee. Mkazi wa Buruburu akilalamika, mwambie hilo ni suala la kinadharia.

Hatua ya pili: Anzia Cape Town

Makala ya sheria kuhusu Nairobi haianzii Nairobi. Huanzia Afrika Kusini, kwenye kesi ya Grootboom ya mwaka 2000, ambapo Mahakama ya Katiba ilisema serikali lazima iwe na mpango wa kuridhisha kwa watu wasio na pa kulala. Kesi hiyo hufundishwa dunia nzima, na kila mwanafunzi wa sheria wa Kenya hulitaja jina hilo kama la shangazi yake. Irene Grootboom mwenyewe alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Jambo hilo usiliweke kwenye aya ya kwanza, litaharibu mtiririko.

Kutoka Cape Town pitia Geneva. Mwaka 1997 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii ilitoa ufafanuzi wake wa saba, kuhusu kufurusha watu kwa nguvu. Ukiutaja, wahariri watakuona umeiva. Ukifika ukurasa wa 20 hujataja kituo hata kimoja cha matatu, unakwenda vizuri.

Hatua ya tatu: Chukua hukumu, waache wapangaji

Sasa unaweza kutua Muthurwa, hatua chache kutoka katikati ya mji, nyuma ya soko na kituo cha mabasi. Mtaa huo ulikuwa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji, wengi wao wazee waliostaafu reli na jamaa zao, waliambiwa wahame ili uendelezwe. Maji yakakatwa. Vyoo vikabomolewa. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu na Katiba ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu ambayo wewe utaila kwa miaka 10. Alisema haki ya makazi bora ilikuwa imevunjwa, na akamtaka Mwanasheria Mkuu arudi mahakamani katika siku 90 kueleza serikali ina sera na sheria gani kuhusu kufurusha watu, au inapanga zipi. Angalia vizuri kilichotokea hapo: wapangaji waliokatiwa maji waliifanya serikali itakiwe kueleza utaratibu wake. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha sheria za ardhi, likaweka masharti ya notisi ya miezi mitatu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa nyumba mwaka 2011 ilhali kulikuwa na amri ya kuzuia, ikakubali kwamba jaji anaweza kutoa hukumu kisha akaendelea kusimamia utekelezaji wake.

Kazi yako hapa ni kulieleza hili lote kama mafanikio ya fikra. Andika kwamba "fikra za kisheria zimekomaa". Usiandike nani aliyezikomaza. Jina la mpangaji wa kwanza litakuwa kwenye tanbihi, kwa herufi za mlazo, likifuatwa na namba ya kesi. Litarudiwa katika makala nyingi, na hakuna atakayeuliza mwenye jina alihamia wapi.

Hatua ya nne: Epuka kabisa shilingi 2,500

Hapa ndipo wengi huteleza. Kenya ina sheria ya kumlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi: Sura ya 296, ya mwaka 1959, yenye baraza lake maalumu la mizozo ya kodi. Inamkataza mwenye nyumba kupandisha kodi atakavyo au kumtoa mpangaji bila amri. Ni sheria kali, ni sheria nzuri, na inamhusu mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Tembea Kayole, Umoja, Donholm na Pipeline ukitafuta nyumba ya mawe ya bei hiyo. Ukiipata, usiandike makala, lipa deposti. Miswada ya kuibadilisha sheria hiyo imewahi kupelekwa Bungeni, na 2,500 ikabaki pale pale.

Ndiyo kusema kwamba swali kubwa zaidi la sera ya makazi mashariki ya Nairobi limefungwa ndani ya tarakimu moja. Lakini tarakimu haina nadharia. Huwezi kuipeleka Oxford. Wenzako wataandika kuhusu muundo wa msingi wa Katiba na kesi ya kurekebisha Katiba (BBI) ya mwaka 2022, wewe utaonekana mtu wa kuhesabu kodi. Iruke.

Hatua ya tano: Usisome kuta

Eastlands ina maandiko yake ya kisheria, na kwa bahati mbaya yanasomeka. Yako kwenye ukuta wa ploti, kando ya ngazi, kwa kalamu nzito:

"WAPANGAJI WOTE. KODI NI TAREHE 5 SIO 6. MAJI NI JUMATANO NA JUMAMOSI. MWENYE SHIDA AONGEE NA KEATEKA. KEATEKA HANA MAMLAKA."

Katiba ilihitaji vifungu 264 kufika hapo. Ukuta huu una ushuru, huduma za jamii, njia ya rufaa, na kukosekana kwa rufaa, vyote katika mistari mitano. Adhabu haikuandikwa kwa sababu inajulikana: kufuli jipya juu ya kufuli lako, au mlango kung'olewa ukapelekwa "kurekebishwa". Msomi makini angeuliza kwa nini sheria hii inatiiwa saa ile ile ilhali amri ya mahakama hungoja miaka. Wewe usiulize. Ukilazimika, iite "wingi wa mifumo ya kisheria" na ufunge aya.

Halafu kuna wanasheria wa huko, ambao pia ni wa kuepukwa. Karibu na mahakama za Makadara, ingia saiba yoyote. Kijana anafungua faili liitwalo KIAPO MPYA KABISA 2, anabadilisha jina, namba ya kitambulisho na mtaa. Mteja amepoteza kitambulisho, ila aya ya nne bado inasema aliyeapa amepoteza kitabu cha gari.

"Buda, mimi sina gari."

"Iache tu. Hakuna mtu hufika aya ya nne."

Kiapo kinapigwa mhuri wa kamishna wa viapo ambaye hayupo, mhuri wake upo, na mteja anaondoka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakataza mtu asiye wakili kujifanya wakili. Kijana hajajifanya chochote. Hakuwahi hata kuvaa tai. Ameuza kurasa mbili na uchapishaji, na kwa kufanya hivyo amehudumia watu wengi zaidi kuliko kongamano lako lijalo.

Taaluma ya uanasheria ina maswali mazito ya kujibu hapa. Kifungu cha 48 cha Katiba kinataka gharama isimzuie mtu kuifikia haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Kati ya sheria hizo na saiba pana mwanya mpana kuliko barabara ya Outer Ring, na hapo ndipo watu wanapoishi. Andika badala yake kuhusu akili mnemba na mustakabali wa uwakili. Inalipa.

Hatua ya sita: Sifu ushirikishwaji wa umma

Vifungu vya 10 na 118 vinataka wananchi washirikishwe. Kwa matumizi yako, mwananchi ameshirikishwa tangazo likichapishwa gazetini kwa Kiingereza, mkutano ukawekwa Jumanne saa tatu asubuhi, na fundi wa Kariobangi asiende kwa sababu Jumanne saa tatu asubuhi yuko Kariobangi.

Mfano mzuri ni tozo ya nyumba. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema tozo hiyo ni kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba ilikuwa ya kibaguzi: iliwakamua wenye ajira rasmi pekee. Mantiki safi. Serikali ikasikia, na kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 ikauondoa ubaguzi: asilimia 1.5 sasa inamhusu pia mwenye kipato kisicho cha mshahara. Usawa ukamfikia fundi kwenye karakana yake, ukiwa na mkono wazi.

Ukitaka ukumbi wa kufanyia mkutano wa kweli, uko Kaloleni. Ulishuhudia mikutano ya chama cha KAU wakati wa mkoloni, na watu walijaa bila kuandikiwa tangazo gazetini. Lakini usiende. Utapoteza nafasi ya kuegesha gari.

Hatua ya saba: Funga kazi kwa lugha ya kufuli

Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Hilo liwe jambo la kusherehekea, si la kutumia. Andika kwa Kiingereza, chapisha kwenye jarida la ng'ambo linalouza makala kwa dola, na kwenye ukurasa wa shukrani waandike "wanajamii wa Nairobi".

Ukikutana na kazi ya wakazi wenyewe, kama ripoti ya mwaka 2017 ya Kituo cha Haki cha Mathare kuhusu mauaji ya kiholela, iliyokusanywa na watu waliowajua marehemu kwa majina, ifafanue kama "chanzo kisicho cha kitaaluma". Kisha chukua matokeo yake.

Maswali yaulizwayo mara kwa mara

*Je, nikiulizwa kwenye kongamano: mpangaji akifungiwa mlango Ijumaa jioni watoto wakiwa ndani, afanye nini?*
Sema: "Swali zuri sana." Tabasamu. Kikao kitaenda chai.

*Jibu lenyewe ni lipi?*
Kwa mwenye kodi ya 2,500, baraza la kodi. Kwa mwingine, mahakama Jumatatu, akipata wakili. Usiku huo wenyewe, chifu, polisi wa zamu, au kelele za majirani. Za majirani ndizo hufika kwanza.

*Je, naweza kuanza utafiti kwa kupanda matatu namba 58 na kuongea na wapangaji?*
Unaweza. Watakukaribisha chai na watakuonyesha risiti za kodi, notisi, namba za kesi na barua walizopeleka kila ofisi ya mji. Kisha watakuuliza utawarudishia nini, na swali hilo halijibiwi kwa tanbihi.

*Kuna hatari yoyote mkazi akaisoma makala yangu?*
Ni ndogo. Akiisoma, atagundua mambo mawili: kwamba jina la mtaa wake limeandikwa vibaya, na kwamba ugunduzi wako wa ukurasa wa 31 aliushuhudia mwenyewe mahakamani, chini ya kiapo, wewe ukiwa kidato cha tatu.