Bunduki Imekuja Kuposa: Mwongozo kwa Mshenga wa Likasi

Ukikaa Likasi, Katanga, nchini Kongo, na watu wakajua kwamba unapenda historia, iko siku jirani atakuletea kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Atasema ni bunduki ya vita: ya babu aliyekwenda Tabora, au ya Muayalandi aliyetekwa mwaka 1961. Atataka umwambie kama ni ya kweli na kama imetunzwa vizuri. Mpokee mgeni huyo wa chuma kama ukoo unavyompokea kijana aliyekuja kuposa: kwa adabu, bila pupa, na kwa maswali mengi. Haya ndiyo maswali yenyewe.

1. Kabla ya salamu, hakikisha haumi

Kila bunduki ina risasi mpaka macho yako yakuthibitishie vingine. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, weka kidole mbali na kifyatulio, fungua komeo na uangalie ndani. Komeo likiwa limeganda kwa kutu, usiligonge kwa nyundo. Acha hapo hapo na uite mwenye ujuzi. Risasi za zamani zisiguswe hata kidogo.

Kuna pia sheria. Kwa mujibu wa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 1985, silaha ya vita haikai chini ya kitanda cha raia. Mwambie jirani mapema kwamba safari ya mgeni huyu itapita kwa wenye mamlaka. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba inapita pamoja na historia yake.

2. Muulize alizaliwa wapi

Ikiwa inawashwa kwa jiwe la gumegume na kushindiliwa baruti mdomoni, huyo ni wa ukoo mwingine kabisa, wa enzi kama za Msiri, mtawala wa Bunkeya, aliyenunua bunduki kwa pembe, shaba na watumwa hadi alipouawa Desemba 1891.

Ikiwa ni bunduki ya Force Publique, jeshi la Wabelgiji hapa Kongo enzi za ukoloni, anza na Mauser ya mwaka 1889. Kiwanda cha FN pale Herstal, karibu na Liège, kilianzishwa mwaka huo huo ili kutengeneza bunduki hizi 150,000 kwa jeshi la Ubelgiji. Utaitambua kwa risasi zake za milimita 7.65, kasha la risasi tano linalochomoza mbele ya kifyatulio, na ajabu yake kubwa: mtutu umevishwa bomba jembamba la chuma tangu mwanzo hadi mwisho.

Usimfukuze mgeni kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kinataja mji mwingine. Wajerumani walipoiteka Liège mwaka 1914, Wabelgiji waliendelea kutengenezewa Mauser hizo Birmingham, Uingereza, na katika kiwanda cha Hopkins & Allen huko Norwich, Marekani. Wala usishtuke ukikosa lile bomba: mwaka 1936 Wabelgiji walianza kuzifanyia nyingine marekebisho na kuliondoa.

Jirani akisema babu yake alikuwa Tabora Septemba 1916, Force Publique ya Jenerali Tombeur ilipouteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, usidai lazima iwe Mauser. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Force Publique bado walibeba Albini, bunduki ya kizamani inayopiga risasi moja kisha kujazwa tena.

3. Wahesabu ndugu zake

Tafuta namba kwenye mtutu, kwenye komeo na kwenye mwili wa bunduki. Zikilingana, sehemu hizo zimetoka kiwandani pamoja na hazijaachana. Zikitofautiana, usiseme haraka kwamba ni ya kughushi: mafundi wa jeshi walibadilisha komeo lililovunjika kwa lililokuwepo. Cha kuogopa ni namba iliyofutwa na kugongwa upya. Kagua umbo la tarakimu, kina chake na mpangilio wake. Kiwanda hugonga kwa mkono mmoja. Mlaghai hugonga kwa hofu, na tarakimu zake hupanda na kushuka.

4. Mkague nguo, lakini usimwogeshe

Hapa ndipo bunduki nyingi za kweli zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Mtu huchukua msasa, akasugua kitako mpaka kikang'aa, akapaka vanishi, kisha akaleta mgeni aliyependeza na aliyepoteza kumbukumbu. Mihuri ya wakaguzi, ile ya herufi yenye taji juu yake, ilikuwa kwenye mbao hiyo na chuma chake. Msasa umeila.

Kwa hiyo pitisha kidole pale mbao inapokutana na chuma. Mbao ambayo haijaguswa hulingana na chuma au hukizidi kidogo. Iliyosuguliwa huwa chini yake. Kisha tazama rangi nyeusi ya chuma. Iliyochakaa kwa haki hufifia pale mkono ulipozoea kushika na pale mkanda ulipokuwa ukisugua. Nyeusi inayofanana kila mahali, hata juu ya vishimo vya kutu, imepakwa baadaye. Kutu inayoonekana ni afadhali kuliko kutu iliyofichwa. Kwenye Mauser ya 1889, ishuku zaidi chini ya lile bomba, kwa sababu unyevu wa mvua huingia humo na hakuna kitambaa kinachoufikia.

Mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha.

5. Mwambie afungue mdomo

Ukishatoa komeo, weka mwanga wa simu upande mmoja wa mtutu na jicho upande wa pili. Unatazama kama mistari inayozunguka ndani iko wazi au imelika. Mtutu mweusi wenye vishimo haumaanishi uongo. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na askari aliyekuwa akitembea wiki nzima porini hakuwa na nafasi ya kuuosha kila jioni. Andika hali ulivyoiona, usiipambe.

6. Akijiita wa mwaka 1961, kaza maswali

Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, ina sababu ya kuwa na wageni wa namna hii. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, Waayalandi wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Kamanda Pat Quinlan, walizingirwa hapa na jandarma wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, pamoja na mamluki, huku ndege ya Fouga Magister ikiwashambulia kutoka juu. Walipoishiwa risasi na maji walijisalimisha, na silaha zao zikabaki Katanga.

Sasa sikiliza vizuri. Akikuletea FN FAL, hiyo peke yake haisemi ilikuwa upande gani, kwa sababu Waayalandi walikuwa nazo na jandarma pia walikuwa nazo, zote za kiwanda kile kile cha Herstal. Akikuletea Lee-Enfield na kusema ni ya Quinlan, muulize zaidi: Waayalandi waliokuja mwaka 1960 ndio waliobeba Lee-Enfield, na kikosi cha Quinlan kilikuwa na FAL mpya. Akikuonyesha maganda ya risasi za .303 kama ushahidi, mkumbushe kwamba bunduki za rashasha za Bren na Vickers za Waayalandi hao zilitumia risasi hizo hizo.

Kuna pia mlango mwingine. Januari 1963 wanajeshi wa India wa Umoja wa Mataifa walivuka mto Lufira na kuingia mjini, na Lee-Enfield ndiyo iliyokuwa bunduki yao. Ukiona herufi RFI, chapa ya kiwanda cha Ishapore, mgeni wako ni Mhindi, na ana haki ya kuitwa kwa jina lake mwenyewe.

7. Ita mashahidi

Posa haikamiliki bila wazee. Kijana wa miaka 20 mwaka 1961 leo amepita 80. Nenda kwake wiki hii. Muulize aliona nini, nani aliiokota, ilifichwa wapi, iliwahi kuwinda au kutisha nani. Usimpe jibu mdomoni kwa kuuliza, “Si ndiyo ya Waayalandi, baba?” Muulize, “Baba, hii ulianza kuiona lini?” kisha nyamaza. Andika maneno yake kama alivyosema, pamoja na tarehe.

8. Toa jibu

Una majibu matatu: ni kamili kama ilivyotoka kiwandani, ni ya kweli lakini imetengenezwa jeshini, au ni viungo vya bunduki kadhaa vilivyounganishwa ili kuuzwa. La pili lisikuvunje moyo. Bunduki iliyorekebishwa na askari imefanya kazi iliyotengenezewa, na hilo ni sehemu ya ukweli wake.

Piga picha kila chapa, ambatanisha ushuhuda, na mgeni anapokabidhiwa, omba kwa maandishi afanywe asiweze kufyatua bila kuharibiwa chapa zake, kisha apelekwe Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Majina ya Tombeur na Quinlan yako vitabuni tayari. Jina la askari wa Katanga aliyeibeba bunduki hiyo begani, na la mama aliyeificha shambani, liko kwenye karatasi yako tu. Liandike la kwanza, juu ya namba zote.